Kitufe cha Niombee

Niseme mwenyewe kabla sijasemewa: Mbeba Taa nilimharibu mimi, na nilimharibu huku nacheka.

Mbeba Taa si mtu wa kweli. Ni mtu wa kwenye gemu, zile gemu za kompyuta ambazo unapewa safari ndefu na wenzako wa kusafiri nao, halafu unachagua mwenyewe la kusema na njia ya kupita. Yeye ndiye mwenzako wa kwanza kabisa. Ni mcha Mungu wa kupitiliza. Ana taa anaipeleka kwenye hekalu lililoko kileleni mwa mlima, na njia nzima ni kusali. Anaombea mvua, anaombea chakula, kuna mahali anaombea kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Sauti yake ni yangu.

Sauti ndiyo kazi yangu. Nina stashahada ya utangazaji, iko kwenye fremu sebuleni, na mke wangu huifuta vumbi wageni wakikaribia. Hunijui kwa sura lakini umeshanisikia. Ile sabuni inayoondoa doa bila kusugua, ni mimi. Ile rangi ya ukuta isiyobanduka, mimi. Ukiwa benki ukasikia sauti inamwambia mteja aende dirisha la pili, usiende kunitafuta dirisha la pili. Nyumbani tukikwaruzana, mke wangu husema, "Usinisemeshe kwa sauti ya benki."

Basi nikapata kazi ya gemu. Aliyeiandika ni binti mmoja mpole, mwembamba, anayetembea na penseli kwenye nywele halafu anaitafuta mezani. Mimi namwita mwanangu, yeye ananiita mjomba. Studio yenyewe zamani ilikuwa stoo ya matairi, na siku za joto bado inanuka mpira. Kuta tumezivalisha magodoro na trei za mayai ili sauti isirukeruke. Katikati kuna kioo. Upande huu nakaa mimi na kipaza sauti, upande ule anakaa fundi mitambo na mashine zake. Huyo tunamwita Masikio. Masikio anaweza kusimamisha kazi kwa sababu mjusi anatembea darini. Siku moja aliisimamisha kwa sababu ya tumbo langu, akaniambia niende nikale kwanza, linaongea kuliko mimi. Tukianza kurekodi, feni inazimwa, friji inazimwa, tunabaki tunaiva humo ndani kama mikate.

Sasa, kosa langu hulielewi mpaka ujue gemu inavyorekodiwa. Hairekodiwi kama hadithi, mwanzo mpaka mwisho. Masikio anazipanga sentensi kwa faida ya koo. Za upole asubuhi, sauti ikiwa safi, za kupiga kelele jioni, maana ukishapiga kelele umekwisha. Kwa hiyo unaweza kufa saa tatu, ukazaliwa baada ya chakula cha mchana. Ndiyo maana binti mwandishi hukaa pale kwenye kioo, na kabla ya kila sentensi anakwambia: mjomba, hapa umetoka kuzika mtu. Mjomba, hapa una njaa. Bila yeye unasoma maneno tu, hujui yametoka kwenye moyo wa namna gani.

Asubuhi ya kwanza hakuwepo. Alikuwa kwenye foleni ya pasipoti, kwa sababu gemu ikiisha alitakiwa aende nayo kwa hao watu wa mbali walioinunua, akae nao mwaka mzima waimalizie huko. Akatuma ujumbe kwamba foleni haisogei, tumsubiri. Masikio akasema tusubiri. Mimi, mwenye fremu sebuleni, nikasema tusubiri nini? Sala ni sala. Lete ya kwanza hapo.

Ikaja sala hii:

"Mwenye Mlima, ni mimi. Huyu ninayekuletea humjui, au unamjua, mimi sijui. Anavuka leo. Viatu vyake vimeisha. Mshike mkono. Kama haupo, basi nimesema peke yangu, na yeye amesikia."

Nilivyoiona, nikajua mara moja. Nikaona ni mtu mchangamfu anabisha hodi kwa jirani. Upo? Haupo? Haya, nimepita tu. Nikaisoma na tabasamu la sabuni. Pale kwenye "kama haupo" nikaweka kicheko kidogo, kizuri sana, hata Masikio akainua dole gumba. Tukasonga mbele. Binti alipofika mchana, tulikuwa tumeshafika kwenye kidole gumba kingine, kile cha mguu.

Tulikuja kugundua baadaye, gemu ilipokuwa imeshaunganishwa na sisi tumeitwa kuiona. Binti alikaa katikati na kile kidude cha kuchezea, mimi kushoto, Masikio kulia na karanga zake. Ndipo nikaijua safari ya Mbeba Taa kwa mpangilio wake, kama mtu anayesimuliwa maisha yake na watu wengine.

Mwanzoni ni yule niliyekwambia, wa kuombea kila kitu. Mchezaji ana kitufe kimeandikwa NIOMBEE. Ukikibonyeza, Mbeba Taa anasimama, anaweka mkono juu ya kichwa chako, anakuombea, na unapata nguvu kidogo ya kupigana. Ukibonyeza mno anakugombeza, anasema Mwenye Mlima naye ana shughuli nyingine. Tulicheka. Halafu mnafika kwenye kijiji chenye ugonjwa. Anamwombea mtoto usiku kucha, na asubuhi mtoto amekufa. Hasemi chochote kuhusu hilo. Ila kuanzia hapo sala zinapungua urefu. Ukimwuliza, anasema amechoka, njia ni ndefu. Anaacha kugombeza. Ile ya kuombea chakula inapotea kimya kimya, na kama hukuwa makini huoni imepotea lini.

Kisha mnafika kileleni, na hekalu halipo. Limeungua miaka mingi, hata mkaa umeshaota nyasi. Anaiweka taa chini, anakaa, kisha mnashuka upande wa pili kuelekea mpaka wa nchi, utakaouvuka wewe.

Tangu hapo, ukibonyeza NIOMBEE, haombi. Mkono anauinua, kisha badala ya kuuweka kichwani anakurekebishia mkanda wa mzigo, anaushusha mkono. Nguvu hupati. Kimya tu.

"Sasa kitufe cha nini?" Masikio akauliza. "Si ukitoe?"

Binti akasema ndipo gemu ilipo, hapohapo. Wachezaji wengi watabonyeza mara mbili tatu, wakiona hakina faida wataacha, na watavuka mpaka wenyewe, hakuna ubaya. Lakini yule atakayeendelea kumwomba amwombee, hata anapojua hapati kitu, siku ya kuvuka mpaka, Mbeba Taa atafungua mdomo. Hakuna muujiza. Hekalu halirudi. Mtoto hafufuki. Ni vile tu kuna mtu hakuacha kumwomba.

"Sikilizeni," akasema, akabonyeza.

Mbeba Taa akasimama kwenye upepo, uso umekonda, nguo zimechanika, macho chini. Muziki ukanyamaza. Mkono ukapanda polepole mpaka kichwani. Na kutoka kwenye kinywa kile kikavu ikatoka sabuni. "Mwenye Mlima, ni mimi!" Nikabisha hodi. Nikachangamka. Nikacheka kale kakicheko.

Masikio aliacha kutafuna. Mimi nilitaka lile godoro la ukutani lifunguke nijitie ndani.

Binti hakunigomba. Angenigomba ningefurahi. Alisema kwa upole, "Mjomba, hapa hekalu limeshaungua," akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Nilimfuata na vikombe viwili vya chai, maana kwenda kwa mtu mikono mitupu baada ya kumharibia ni kama kwenda kuposa bila kuoga. Nikamwambia yameshamwagika, lakini haya yanazoleka, tutarudia. Akasema anajua. Akasema si hilo.

Ndipo akanieleza habari za baba yake. Baba yake alikuwa msoma mita za maji, sasa amestaafu. Mtu wa kuamka mapema, mtu wa ibada. Tangu binti mdogo, akiwa na mtihani, akiwa anasafiri, hata akiwa anakwenda kung'olewa jino, baba alimsimamisha mlangoni, akamwekea mkono kichwani, akamwombea. Mama alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni kwamba gari litamwacha mtoto, Mungu anasikia hata sala fupi. Kisha mama aliugua. Baba aliomba ugonjwa mzima. Mama akafa. Toka wamzike, baba hajamwekea mtu mkono kichwani. Hakugombana na mtu, hakutangaza kitu. Binti alipopata kazi, siku ya kwanza ya kwenda, baba akamfungulia mlango, akasema, "Mwavuli umechukua?"

"Sasa ninaondoka mwaka mzima," akaniambia. "Sitaki kuondoka bila ile sala, mjomba. Hata asiyoiamini. Lakini nikimwomba akakaa kimya, nitaondoka na hicho kimya."

Nikamwambia, mwanangu, mwombe tu. Ilikuwa rahisi kusema, hata mimi niliona.

"Kwenye gemu ndiyo rahisi," akasema. "Nimeweka kitufe."

Basi tukaanza kurudia. Hapo nikagundua kwamba miaka yangu yote ya kazi nina huzuni moja tu kwenye mkoba, na ni ya tangazo la dawa ya kichwa. Nikaitoa. Masikio akasimamisha mashine. "Mjomba, huyo anataka vidonge viwili na maji mengi." Nikajaribu kulia. Akasema nimelia vizuri, ila kama mtu aliyekanyagwa. Nikajaribu sauti nzito ya mazishi, ikatoka benki: marehemu, nenda dirisha la pili. Binti alicheka mpaka penseli ikamdondoka, lakini jioni alikuwa anafuta zote, moja baada ya nyingine, na uso haukuwa wa kucheka.

Nilibeba sala ile nyumbani. Nikamsomea mke wangu akikunja nguo, akasema, "Unajisikiliza sana. Mtu anayeomba hajisikilizi." Akanipa shuka nishike upande wa pili. Tulikunja shuka. Sikupata jibu, ila angalau shuka zilikunjwa.

Siku ya mwisho ikafika. Kesho yake ndiyo safari. Sala ilikuwa haijapatikana, na ikikosekana binti angeondoka na gemu yenye sabuni, au yenye kimya hadi mwisho. Alikuja na kila kitu chake kasoro sanduku, akasema baba atalipitisha, zipu ilikuwa mbovu, ameichukua kuitengeneza.

Masikio alikuwa chini ya meza anahangaika na waya, yule mzee alipoingia na sanduku. Alikuwa mrefu, amechomekea shati, kalamu mbili mfukoni ingawa hana tena mita ya kusoma. Akasalimia mmoja mmoja. Nikampa kiti, nikamwuliza kama ni kweli mbwa wote wa mji huu wanamjua. Akasema wengine alijuana nao kwa meno. Nikampenda palepale. Akaniangalia, akasema sauti yangu si ngeni. Nikamwambia kwa sauti ya kazi aende dirisha la pili. Akacheka, akasema kumbe ni mimi niliyemzungusha mwezi uliopita.

"Na hii ndiyo kazi yako?" akamwuliza binti, akionyesha kompyuta.

Binti akamwonyesha. Akampa kile kidude mkononi, akamwelekeza kidole hapa, kidole pale. Hakumwanzishia mwanzo. Alimwanzishia kileleni, kwenye mkaa ulioota nyasi. Sijui kama alipanga au mkono ulijipeleka.

Mzee akatembea na Mbeba Taa njia ya kushuka. Alikuwa mwangalifu, anakwepa mawe, kama mtu aliyezoea kuingia kwenye nyua za watu. Akaona kitufe. "Hiki cha nini?" Binti akasema, "Unamwomba akuombee." Mzee akalisoma lile neno tena. Kisha akabonyeza.

Mbeba Taa akainua mkono, akarekebisha mkanda wa mzigo, akaushusha.

Mzee akatembea tena mbele kidogo, akabonyeza tena. Mkanda. Akavuka kijito, akabonyeza. Mkanda. Masikio alikuwa bado chini ya meza, waya mkononi, lakini nilimwona ametulia. Mzee aliendelea hivyo hadi mpakani, kila waliposimama alibonyeza. Pale muziki ukanyamaza, Mbeba Taa akasimama kwenye upepo. Mkono ukapanda mpaka kichwani. Ukakaa hapo. Mdomo ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Hakukutoka sauti.

"Mbona hasemi?" mzee akauliza.

"Bado hatujarekodi, baba," binti akasema. "Tulikosea."

Mzee akaangalia ule mdomo unaocheza bure. "Basi mrekodini," akasema. "Amesimama muda mrefu."

Masikio akatoka chini ya meza akasema waya umepona. Feni ikazimwa, friji ikazimwa. Nikaingia upande wangu, nikavaa vile vya masikioni, taa nyekundu ikawaka. Kwenye kioo niliwaona wote wawili wamekaa sambamba, na sanduku katikati ya magoti ya mzee.

Juu ya dari, jirani wa ghorofani akaburuta kiti. Masikio akakunja uso, akangoja. Nami nikangoja, na katika kungoja nikamkumbuka kaka yangu. Tulinuniana muda mrefu kwa jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka vizuri. Siku niliyompigia simu, sikulia, wala sikupamba maneno. Nilisema, "Ni mimi," halafu nikasikia sauti yangu inaona haya. Nikaona kwamba ile asubuhi ya kwanza sikukosea yote. Ni kweli Mbeba Taa anabisha hodi kwa mtu anayemjua. Ila alikuwa hajabisha siku nyingi, na hana hakika kama mwenyewe bado anakaa pale.

Jirani alipotulia, nikasema, "Mwenye Mlima, ni mimi."

Sikujisikiliza. Nilisema polepole, kama mtu aliyesimama nje na viatu vina matope. Huyu ninayekuletea humjui, au unamjua, mimi sijui. Nilipofika kwenye viatu vyake vimeisha, nilimwona binti kupitia kioo ameinamisha kichwa. Mshike mkono. Kama haupo, basi nimesema peke yangu, na yeye amesikia. Kicheko hakikuja, na hakuna aliyekikumbuka.

Masikio hakuinua dole. Aliandika kitu, akabonyeza kitufe chake cha kuongea na mimi, akasema nisitoke, nisiguse chochote, anapanda juu kumwomba jirani aache viti dakika chache, turudie moja ya akiba. Kile kitufe alikisahau kimebonyea, akaenda.

Kwa hiyo nilikuwa nasikia. Mtu mwenye adabu angekohoa. Nilivuta pumzi nikohoe, lakini mzee alikuwa ameshaanza kuongea, na alikuwa anaongea habari za zipu. Ameipaka nta, inateleza, asiivute kwa hasira. Koti aliweke juu, huko akishuka tu atalihitaji. Binti akasema ameliweka juu. Mzee akauliza mwavuli. Binti akasema upo pembeni. Mzee akafungua zipu kidogo, akaifunga, kuonyesha.

Kisha wakaishiwa vitu vya kuuliza. Feni imezimwa, friji imezimwa, jirani naye labda alikuwa ameshafunguliwa mlango na Masikio, maana juu hakukusikika kitu. Kwenye kompyuta Mbeba Taa alikuwa bado amesimama, mkono kichwani pa mtu. Niliona binti anatoa ile penseli kwenye nywele, anaiweka mezani, anasogeza kiti. Alisema kwa sauti ya chini mno, ambayo siku nyingine ningemwambia airudie.

"Baba," akasema. "Niombee."